Msilaumu Sheng kwa kila kosa: karai la buluu lina hoja yake

Majuma mawili yaliyopita, mama mmoja mkazi wa Umoja, ambaye ni msomaji wa siku nyingi wa ukumbi huu, alinitumia picha ya ukurasa wa daftari la Kiingereza la bintiye aliye katika Gredi ya Tano. Mtoto alikuwa ameandika hivi: "My mother bought a plastic blue big basin." Kalamu nyekundu ya mwalimu ilikuwa imepita chini ya sentensi hiyo mara mbili, na pembeni pakaandikwa kwa herufi kubwa: "Stop thinking in Sheng!" Chini ya picha mama akaniuliza: "Mwalimu, hebu niambie ukweli. Huyu mtoto ameharibiwa na Sheng kweli? Ama tumhamishe shule?"

La kuhamisha shule siwezi kulijibu. Hilo la Sheng naweza, na nimelifikiria kwa siku kadhaa kwa sababu jibu lake si jepesi kama nilivyodhani nilipoiona ile picha mara ya kwanza.

Kwanza tukubaliane kwamba mtoto alikosea. Mzungumzaji wa Kiingereza husema "a big blue plastic basin", na sioni namna ya kuutetea mpangilio aliouchagua msichana huyu. Mwalimu alipopiga mstari alikuwa akitimiza kazi yake. Ninayoyapinga ni yale maneno ya pembeni. Kosa aliliona sawasawa, ila chanzo chake alikikosea, na matokeo yake ni kwamba mtoto anaambiwa aache jambo ambalo hakulifanya.

Kanuni yenyewe ya Kiingereza inajulikana. Vivumishi vikiandamana kabla ya nomino, maoni ya msemaji hutangulia, kisha ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kitu kilichotumika kutengenezea, na mwisho kabisa matumizi. Mwaka 2013 mwandishi Mwingereza Mark Forsyth aliueleza utaratibu huo kwa ufupi katika kitabu chake The Elements of Eloquence. Miaka mitatu baadaye aya hiyo ilisambaa mno mitandaoni, Waingereza wenyewe wakishangaa kugundua kwamba kuna kanuni waliyoifuata maisha yao yote bila kufundishwa na mtu. Kwa kuifuata, kiondo cha nyanyako kingeitwa "a beautiful big old round brown Kamba sisal shopping basket". Hakuna mtu mwenye haraka zake pale Muthurwa atakayezungumza hivyo, lakini ukibadilisha maneno mawili tu nafasi, ukasema "a brown big basket", sikio la mwenye lugha hushtuka.

Msomi aliyewahi kusimulia mshtuko huo vizuri ni J. R. R. Tolkien, yule aliyeandika hadithi za Hobbit na The Lord of the Rings. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Katika barua aliyomwandikia mshairi W. H. Auden mwaka 1955, alikumbuka kwamba akiwa na umri wa miaka saba hivi aliandika hadithi kuhusu joka. Mamake hakusema lolote kuhusu joka lenyewe. Alichomwambia ni kwamba haiwezekani kusema "a green great dragon", ni lazima iwe "a great green dragon". Mtoto alijiuliza sababu. Alikua, akawa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford, na katika barua hiyo alikiri kwamba bado anajiuliza. Basi ikiwa mtoto wa Kiingereza, mwenye mama wa Kiingereza, alikosea jambo hili naye hajawahi kusikia neno moja la Sheng, pengine tusiwe wepesi wa kunyoosha kidole.

Na kanuni yenyewe ina matundu. Yule mbwamwitu wa hadithi za watoto huitwa "the big bad wolf", ukubwa ukitangulia maoni. Kadhalika, ukiwa na magari mengi makubwa mbele yako ukataka kulibainisha lile jekundu, unaweza kusema "the red big one" kwa kulikazia neno la rangi, wala hutakuwa umekosea. Nayataja haya ili walimu wasiigeuze orodha ile kuwa amri kumi.

Sasa turudi kwetu. Katika Kiswahili vivumishi hufuata nomino, isipokuwa "kila" ambacho hutangulia daima, na vionyeshi ambavyo vinaweza kukaa mbele au nyuma. Wengi hudhani kwamba baada ya nomino mambo ni huria, kila mtu apange atakavyo. Ni kweli kuwa tuna uhuru mkubwa kuliko Mwingereza. "Gari kubwa jekundu" na "gari jekundu kubwa" yote mawili yanasemeka. Hata hivyo, ukimsikiliza mzungumzaji asiyekuwa na jambo maalumu la kukazia, utaona ana mazoea. Husema "karai kubwa la buluu la plastiki". Husema "viatu viwili vidogo vyeusi vya ngozi". Kimilikishi hupenda kuikumbatia nomino, "karai letu", kisha kionyeshi, idadi, sifa, halafu vile virefu vya a-unganifu vikabaki mkiani.

Sababu mojawapo ya mkia huo ni kwamba vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache. Mwanaisimu R. M. W. Dixon, katika makala maarufu ya mwaka 1977, alionyesha kuwa lugha nyingi duniani zina kundi dogo tu la vivumishi, na kwamba kundi likiwa dogo aghalabu hubeba maana zile zile za msingi: ukubwa, umri, rangi, uzuri na ubaya. Kiigbo cha Nigeria ndio mfano unaotajwa sana, kwani kina vivumishi vinane tu. Sisi tunavyo zaidi ya hivyo, ila tazama rangi. Zinazopokea viambishi vya ngeli ni tatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zote ni majina ya vitu tunayoyaunganisha kwa "-a": la buluu, la kijani, la manjano, la zambarau. Vitu vya kutengenezea, kama mbao, ngozi, mawe na plastiki, huunganishwa vivyo hivyo. Neno fupi hukaa karibu na nomino, na fungu la maneno hufuata baadaye.

Sasa chukua kalamu. Andika "karai kubwa la buluu la plastiki". Ing'oe nomino pale mbele, ipeleke nyuma kabisa, na mengine yote usiyaguse. Unapata kubwa, buluu, plastiki, karai: "big blue plastic basin". Jaribu tena. "Nyumba tatu nzuri kubwa za mawe" inakupa "three nice big stone houses". "Viatu viwili vidogo vyeusi vya ngozi" vinakupa "two small black leather shoes". Kinachohama ni nomino peke yake. Vivumishi vimesimama katika foleni ile ile, sawa na abiria wanaongoja matatu ambao dereva amewazunguka na kuja kuegesha upande wa pili.

Hili si jambo la Kiswahili pekee. Mwaka 1963 Joseph Greenberg, mwanaisimu wa Marekani aliyezijua lugha za Afrika vilivyo, alichapisha orodha ya sifa alizoziona zikijirudia katika lugha za ulimwengu. Ya ishirini kati ya hizo inahusu mpangilio wa kionyeshi, idadi na sifa. Vikija kabla ya nomino, alisema, hupangwa namna moja tu: kionyeshi, idadi, sifa. Vikija baada ya nomino, ama hufuata mpangilio huo huo, ama hugeuka kabisa. Na alipotaka mfano wa lugha inayoviweka baada ya nomino bila kuvigeuza, hakwenda mbali nasi. Alichukua Gĩkũyũ. "Andũ aya atano anene", yaani watu hawa watano wakubwa. Linganisha na Kiingereza: "these five big people". Nomino imehama, foleni imebaki. Mtoto wa Kayole au Dandora ambaye nyanyake huzungumza Gĩkũyũ na jirani yake huzungumza Kiswahili tayari anao utaratibu huo kichwani mara mbili.

Kama ni hivyo, kwa nini msichana wa Umoja akaandika "plastic blue big basin"? Nilimwomba mama amuulize. Jibu lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mtoto alisema shuleni walifundishwa kwamba Kiingereza ni kinyume cha Kiswahili, "kile cha mwisho kinaanza". Basi alifanya alichoambiwa. Alikuwa na karai kubwa la buluu la plastiki akilini, akaligeuza lote kama mtu anavyogeuza soksi: plastiki, buluu, kubwa, karai. Hakuna Sheng hapo. Kuna Kiswahili kilichopangwa vyema na kanuni moja iliyotumiwa kwa uaminifu mahali pasipo pake.

Tena kanuni hiyo ya kinyume si ya uongo, na hapa ndipo mambo yanapochimbika. Ukiwa na kivumishi kimoja tu, "karai kubwa", kugeuza na kung'oa nomino ni jambo moja: "big basin". Mwalimu wa Gredi ya Kwanza akisema Kiingereza ni kinyume, hadanganyi. Halafu kuna mafungu mengine ambayo kweli lazima yageuzwe yote. Chukua "dereva wa basi la shule". Kwa Kiingereza ni "school bus driver": shule, basi, dereva. Ukitumia mbinu ya kung'oa nomino peke yake utapata "bus school driver", kiumbe ambaye hajulikani. "Mwalimu wa shule ya msingi" naye ni "primary school teacher", kinyume kabisa. Mtoto afanyeje sasa? Wakati mwingine anageuza, wakati mwingine hageuzi.

Kiswahili chenyewe kinamwambia, na kinamwambia kwa upatanisho wa kisarufi. Tazama "karai kubwa la buluu la plastiki". Kile "la" cha kwanza kinarejelea karai, na kile cha pili pia kinarejelea karai. Vyote vinamtumikia bwana mmoja. Tazama sasa "dereva wa basi la shule". "Wa" ni ya dereva, lakini "la" ni ya basi. Hapa kuna mnyororo: shule inaifafanua basi, basi inamfafanua dereva. Kila pete imeshikana na ile iliyo kabla yake. Kwa maneno mengine, viunganifu vikipatana na nomino ile ile ya kwanza, hamisha nomino tu. Ngeli ikibadilika njiani, geuza. Sijaona kitabu cha Kiingereza cha shule za msingi kinachoieleza hivyo, na si ajabu, maana waandishi wa vitabu vya Kiingereza hawana sababu ya kufikiria ngeli zetu.

Bila shaka utaniuliza, "Mwalimu, nani Eastlands anasema 'karai la plastiki'?" Swali la haki kabisa. Huku kwetu tunasema "karai ya plastiki". Tunasema "basi ya shule", "kiti kubwa", "viatu nyeusi", "kitabu yangu". Ukitoa watu na wanyama, ambao kwa kiasi fulani bado wanapata "mkubwa" na "wadogo" wao, ngeli nyingi zimemezwa na I-ZI. Na hapa ndipo ile ishara niliyoisifu inapofutika. "Karai kubwa ya bluu ya plastiki" ina "ya" mbili. "Mlango ya nyumba ya jirani" ina "ya" mbili vilevile. Moja ni bwana mmoja na watumishi wawili, nyingine ni mnyororo, ila kwa sura zinafanana. Mtoto aliyelelewa na Kiswahili hiki ananyimwa dalili ambayo mwenzake wa Lamu au wa Unguja anaisikia kila siku bila kujua.

Je, nimemrudisha mwalimu kwenye haki yake? Kidogo, lakini siyo kama alivyoandika. Kumezwa kwa ngeli si Sheng. Ni Kiswahili cha Nairobi, na huzungumzwa na wahubiri, makondakta, madaktari, wabunge na, samahani, walimu wa Kiingereza, wengi wao wakiwa hawawezi kutunga sentensi moja ya Sheng bila kuchekwa na vijana. Sheng ni jambo jingine. Wanaoitafiti wameeleza mara nyingi kwamba mwili wake ni wa Kiswahili. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, waliitenganisha na Engsh, ile ya vijana wa mitaa ya kitajiri upande wa pili wa jiji, ambayo mwili wake ni wa Kiingereza. Chege Githiora naye, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameieleza Sheng kama Kiswahili cha Kenya kilichokua mikononi mwa watu wa kawaida. Kijana wa Jericho au Kaloleni anaweza kubadilisha kila nomino: nyumba ikawa keja, gari likawa ndai, viatu vikawa njumu. Lakini atasema "keja kubwa mpya ya mawe", wala hutamsikia hata siku moja akisema "kubwa keja". Foleni ni ile ile ya Kiswahili, nayo, kama tulivyoona, ndiyo ile ile ya Kiingereza. Mtoto angefikiri kwa Sheng, kisha akaihamisha nomino tu, angepata alama zake zote.

Kuna jambo la ziada ambalo limenifanya niache kuomboleza sana juu ya ngeli, ingawa bado nafundisha ngeli na nitaendelea. Lugha ikipoteza chombo kimoja, wasemaji hushika kingine. Nililijua hili kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilimtumia fundi mmoja wa Gikomba ujumbe wa simu nikitaka anitengenezee, niliandika kwa Kiswahili cha mtaani ili tuelewane, "kabati ya vyombo kubwa". Nilimaanisha kabati, tena liwe kubwa. Nilipokwenda kulichukua nikakuta kabati la kimo cha kiuno, lenye rafu mbili pana na nafasi kubwa katikati.

"Fundi, hii ni nini?"

"Mzee, si ulisema kabati ya vyombo kubwa? Hapo sufuria zote kubwa zinaingia. Hata ile ya harusi."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa amesoma sawasawa. Ningeandika kwa Kiswahili sanifu tusingefika huko. "Kabati la vyombo kubwa" ni kabati kubwa, na "kabati la vyombo vikubwa" ni la vyombo vikubwa. Kiambishi kimoja, "vi-", ndicho kilichonigharimu pesa. Ningekuwa natamka mbele yake, pengine kituo kidogo baada ya "vyombo" kingeniokoa. Kwenye ujumbe hakuna kituo.

Fundi alinifundisha namna ya kusema siku nyingine: "Ukitaka kubwa, sema kabati kubwa ya vyombo." Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza wateja na mafundi, na naona ndivyo wanavyofanya. Sifa inayohusu nomino ya kwanza huwekwa kando yake moja kwa moja, hairuhusiwi kusubiri mkiani. Kwa Kiswahili cha Mvita au cha Unguja una hiari ya kusema "kikapu kizuri cha matunda" au "kikapu cha matunda kizuri", maana "ki-" itakulinda popote ulipo. Kwa Kiswahili cha Gikomba, "kikapu ya matunda poa" huenda ni sifa ya matunda. Ukitaka kusifu kikapu, useme "kikapu poa ya matunda". Haya ni masikizi yangu mwenyewe mitaani, na mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya tasnifu anakaribishwa kuyapima. Ila kama nimesikia vyema, Eastlands imeanza kutegemea mpangilio pale ambapo pwani hutegemea ngeli, na hilo linaisogeza karibu na Kiingereza.

Kiingereza nacho hakikuzaliwa hivi kilivyo. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita vivumishi vyake vilikuwa na viambishi tamati vilivyobadilika kufuata nomino, kwa idadi, jinsia na uhusika. Viambishi hivyo viliporomoka. Sidai kwamba kuporomoka huko ndiko pekee kulikoleta foleni ya vivumishi, kwa kuwa Kijerumani kimehifadhi viambishi vyake na bado kina mazoea ya kupanga. Lakini utata uliobaki katika Kiingereza ni ule ule wa kabati langu. Chukua tangazo la benki lenye maneno "small business loan". Kidogo ni nini hapo, mkopo au biashara? Mwingereza anakisia kwa muktadha. Mwenye Kiswahili sanifu hana haja ya kukisia: "mkopo wa biashara mdogo" ni mkopo mdogo, na "mkopo wa biashara ndogo" ni wa mwenye kibanda. Wanaojaza fomu za mikopo huku kwetu wangefaidika sana kama fomu hizo zingeandikwa kwa lugha ambayo haiwatatanishi kiasi hicho.

Namna ya kulifundisha darasani ni rahisi, na haihitaji vifaa. Waite wanafunzi wanne mbele, kila mmoja ashike kipande cha katoni chenye neno moja: karai, kubwa, la buluu, la plastiki. Wapange foleni. Kisha mwambie "karai" atoke mbele akasimame nyuma ya wenzake, na darasa lisome kwa Kiingereza. Siku ya pili leta "dereva", "wa basi", "la shule", na sasa darasa lihesabu ngeli kabla ya kutenda: je, "la" ni ya dereva? Si ya dereva. Basi foleni yote igeuke. Darasa la watoto sitini, ambalo si ajabu Kayole wala Dandora, linaweza kulifanya zoezi hili likicheka. Na ikumbukwe kuwa somo la ngeli litakuwa limepata kazi ya kufanya nje ya kipindi cha Kiswahili, jambo ambalo wanafunzi wetu hawajawahi kuahidiwa.

Mama wa Umoja alikuwa na swali la pili, lililokuwa chini kabisa ya ukurasa ule. Mtoto aliandika "this our house is small", na kalamu nyekundu ikapita hapo pia. Hili ni kosa la aina nyingine. "Nyumba yetu hii" ni Kiswahili safi, na "hii nyumba yetu" ndivyo mtaa mzima unavyosema. Kiswahili hakioni shida kimilikishi na kionyeshi kukaa nyumba moja. Kiingereza cha leo hakiwaruhusu kusimama bega kwa bega kabla ya nomino, ndiyo maana "this our country", tunayoisikia katika kila hotuba ya mazishi, humshangaza mgeni. Zamani kiliwaruhusu, katika Kiingereza cha maombi ya karne ya kumi na sita utakuta "this our" imeandikwa bila wasiwasi.

Wala watoto wetu hawako peke yao katika hili. Mreno, ambaye babu zake walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 na kutuachia "meza" na "bendera", husema "esta nossa casa", hii yetu nyumba, na akijifunza Kiingereza huja na kosa hilo hilo mkononi. Yeye ana mizigo mingine ambayo sisi hatuna. Vivumishi vyake vingi hufuata nomino kama vyetu, lakini baadhi yake vikihama maana hubadilika: "um homem grande" ni mtu mkubwa wa mwili, na "um grande homem" ni mtu mashuhuri. Akikaa darasani na msichana wetu, wote wawili wangepigiwa mstari kwa "this our house", na nina hakika hakuna ambaye angemwandikia Mreno pembeni kwamba aache kufikiri kwa Sheng.

Nimemjibu mama kwamba mtoto aandike "this house of ours is small". Kuhusu karai, nimempa ile mbinu ya katoni waijaribu nyumbani, ndugu zake wawili washike vipande, mama mwenyewe awe karai.